Baba na Runinga Mbili za Dukani

Leo baba yangu amenidanganya dukani, na mimi nikamdanganya pia.

Tulikuwa Kakamega mjini kumnunulia runinga. Muuzaji akatuonyesha mbili ukutani.

"Mzee, ya kulia ni Full HD. Ya kushoto ni 4K, vitone vyake ni mara nne ya hiyo. Unaona hadi jasho la mchezaji!"

Akawasha ya kulia, kisha akaanza kutafuta rimoti ya ile nyingine.

Baba akazitazama zote, polepole. Akanyoosha kidole.

"Hiyo ya kushoto. Picha yake ni safi sana."

Jamani.

Ya kushoto ilikuwa bado imezimwa.

Sikujua macho yake yamedhoofika kiasi hicho. Hajawahi kuniambia.

Muuzaji akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Mnakumbuka ile plastiki ya miaka ya tisini? Buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini? Kwetu Shianda tulikuwa na TV ya nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Baba akaibandika plastiki kwenye kioo, akaita majirani: "Njooni muone ya rangi!"

Watu wote mle ndani ya TV walikuwa na miguu ya kijani. Lakini alipotuuliza, tulisema ni rangi kabisa. Alikuwa amefurahi sana, ungesema nini?

Leo nimemshika mkono. "Kweli, Baba. Hata mimi naona ni hiyo."

Tumeinunua. Sasa hivi imewashwa, amekaa mbele yake, na ananiuliza, "Unaona rangi hizo?"