Ukuta wa Udongo wa Jaruba

Wiki iliyopita fundi rangi alifika nyumbani kwetu hapa Bariadi akanikuta nimesimama juu ya meza, kisu mkononi, nakwangua ukuta wa sebuleni. Aliniuliza kwa adabu kama kuna tatizo. Nikamwambia kuna ufa. Alisogea, akafumba jicho moja, akasema huo si ufa, mama, ni plasta imetoa kanywele tu, rangi itaficha. Neno hilo la kuficha lilinichoma. Nilimwambia arudi wiki nyingine, na mume wangu alipotoka kazini alikuta nimeshaufukua ukuta upana wa kiganja. Alichukua ufagio akaanza kuzoa vumbi.

Sikufichi, ndugu yangu, mimi ni mtu wa kuhangaika. Kutulia siwezi. Jumapili watu wakitoka kanisani wanakaa, mimi nahamisha banda la kuku. Rafu ya jikoni nimeibandua na kuipigilia upya mara tatu, na kila nikimaliza naona bora ingebaki pale ilipokuwa. Mume wangu huwaambia wageni kwamba ipo siku atarudi akute mlango wa mbele umehamia nyuma. Wageni wanacheka na mimi nacheka nao, huku macho yangu yanatafuta msumari uliolegea.

Ugonjwa huu nimeutoa kwa bibi yangu mzaa baba. Mama yangu alifariki nikiwa bado natambaa, na baba alikuwa akifanya kazi Maswa mjini kwenye kinu cha kuchambulia pamba, kwa hiyo aliyenilea ni bibi, kijijini, upande wa Shishiyu. Naye hakuwa mtu wa kukaa. Kiti chake alikisuka mwenyewe kwa vipande vya tairi la baiskeli. Mito yetu aliijaza pamba fifi, ile chafu isiyochanganywa na safi, na ukiilalia ulisikia mbegu zikikubonyeza shavuni. Mlango wa jiko ulikuwa madebe mawili ya mafuta aliyoyafungua na kuyaponda kwa nyundo mpaka yakawa bati, na upepo ukiupiga majirani wote walijua bibi yuko macho. Kila kiangazi, pamba ikishavunwa, alihamisha kitu: mwaka huu mafiga, mwaka ujao kichanja cha vyombo, mwaka mwingine zizi la mbuzi. Akinikuta nimeketi bila kazi alikuwa na swali lake moja tu, aliniuliza kama mikono yangu imefiwa.

Asubuhi tulikula michembe, vipande vya viazi vitamu vikavu vilivyopikwa kwa karanga, jioni ugali wa mtama na mlenda, na katikati ya hapo tulikuwa tunajenga. Nimejifunza kusokota kamba ya katani kabla sijajua kuandika jina langu. Kama umewahi kukanda udongo kwa miguu unajua ninachosema, ule ubaridi unaopanda mpaka magotini, na mabua ya mpunga yakikutekenya nyayo. Sijapata kuwa na furaha ya namna hiyo tena, na nimeshaitafuta sana.

Lakini nyumba ilikuwa na chumba kimoja. Tulilala humo bibi, mimi, na vitoto vya mbuzi wakati wa baridi, na moto ukiwaka katikati. Masika yote ya mwaka ninaousimulia nilikohoa. Baba alipokuja kututembelea alinisikiliza nikikohoa, akatoka nje na bibi, wakaongea wakiwa wamesimama. Aliamua hivi: likizo ya mwezi wa sita ikiisha, kama hakuna chumba cha pembeni cha mtoto kulala, atanipeleka Mwanhuzi kwa shangazi, nikasome huko. Atakuja kuangalia Jumamosi ya mwisho ya likizo. Bibi alimjibu kwamba chumba kitakuwepo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na tangu siku hiyo sikulala usingizi wa kawaida.

Tulianza kesho yake. Bibi alisimamisha nguzo, tukafunga fito kwa kamba, baba mdogo aliyekuwa akikaa kaya ya jirani akaja kutupandishia paa la nyasi. Kazi iliyobaki ilikuwa kukandika, yaani kujaza udongo kati ya fito kwa mikono, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Bibi hakukubali udongo mwingine isipokuwa wa kichuguu, ule mwekundu, na kichuguu chenyewe kilikuwa ng'ambo ya lambo, mwendo wa kuchosha na ndoo kichwani. Na hata kukichimba kulikuwa na taratibu zake. Kwanza tuliwaamkia wenyewe, kwa sababu bibi alisema kina wenyewe. Tulichimba upande mmoja tu, kilele hakiguswi. Na safari zilikuwa mbili kwa siku, ya asubuhi na ya jioni, basi. Ukichukua kwa pupa, alisema, wenyewe wanahama, na wakihama udongo unakosa mshiko. Jumapili alikuwa mstari wa mbele kanisani na Jumatatu alikiamkia kichuguu, na sikuwahi kumwona akisumbuka kuyapatanisha hayo mawili.

Kuta mbili zikajaa, upande wa tatu ulikuwa ukuta wa nyumba yenyewe, ukabaki ukuta wa dirisha. Hapo ikaja habari ya msiba Maswa, ndugu yake bibi. Alifunga kitenge, akanikabidhi kwa mama mdogo, mke wa baba mdogo, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na muda wa kunichunga. Bibi akanionyesha ukuta wa dirisha, akasema huo nimwachie, atarudi baada ya siku tatu.

Nilikaa kwenye kiti chake cha matairi nikapiga hesabu kwa vidole. Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, na siku zilizobaki. Haikutosha. Nilihesabu tena nikianzia mkono mwingine. Niliona kama baba ameshafika barabarani na baiskeli yake.

Na nyuma ya nyumba, hatua chache tu, palikuwa na jaruba letu la mpunga. Tulikuwa tumeshavuna, ila sehemu ya chini ilikuwa bado na unyevu. Sasa, wewe kama ni wa huku kwetu umeshaanza kutikisa kichwa. Udongo wa jaruba ni mbuga nyeusi, na kila mtoto wa Usukuma anajua mbuga ikikauka inapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Mimi nilijua. Lakini mbuga ikiwa mbichi inadanganya. Ni laini, inavutika, inashika kwenye fito kuliko hata ule mwekundu. Nikajisemea kwamba nikitia mabua mengi na mavi ya ng'ombe itatulia. Nilichimba siku ya kwanza, nikakandika siku ya pili, na siku ya tatu nikachukua udongo mwekundu uliokuwa umebaki kwenye karai, nikaukoroga mwembamba, nikausiriba juu mpaka weusi wote ukapotea. Ukuta ulipendeza. Nilisimama mbali nikautazama kutoka kila upande, na nilijivuna, sitasema uongo.

Bibi alirudi jioni. Alisimama mbele ya ukuta akiwa bado na mzigo kichwani. Akaniuliza udongo nimetoa wapi, nikamjibu kule kule. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kidogo, kisha akaenda kuwasha moto. Hakunisifu wala hakunigombeza. Kuanzia kesho yake alikuwa anakwenda kichuguuni peke yake, anarudi na ndoo, anamwaga lundo pembeni ya nyumba. Nilidhani ni udongo wa sakafu. Mimi alinituma kuvuna pamba, mbali na nyumba.

Jua la mwezi wa sita halina huruma. Siku ya pili niliona mstari mwembamba kwenye kona ya dirisha, nikaupaka mate kwa kidole. Siku ya tatu mistari ilikuwa mingi kuliko mate yangu. Ijumaa bibi hakwenda popote, alikuwa amekaa na goti lililovimba, akilikanda kwa maji ya moto, na mimi nilikuwa nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi baba alifika. Alimwamkia mama yake kwa Kisukuma, mwadila mayu, akanywa maji, akaenda moja kwa moja kwenye chumba. Aliingiza kidole kwenye ufa wa dirisha, kisha vidole vyote, kisha mkono mpaka kifundo. Alipoutoa, bonge zima likaanguka miguuni pake, ngozi nyekundu nje, moyo mweusi ndani.

"Mayu, ukuta huu kaukandika nani?"

"Mimi," bibi akasema.

"Kwa udongo wa jaruba?"

"Nilikuwa na haraka."

Baba alikulia mikononi mwa mama huyo huyo, alimbebea udongo wa kichuguu tangu mdogo. "Mbuga haikandikwi, mayu. Hata mtoto anajua."

"Ndiyo. Nimesahau, ng'wanone, mwanangu. Uzee."

Nilikuwa nimesimama pale, karibu kiasi cha kuwashika wote wawili. Miaka kumi ni umri wa kutosha kusema ni mimi. Ningesema, baba angenichapa, kisha angevua shati akaubomoa ule ukuta na kukaa nasi mpaka mwingine usimame, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Lakini alichosikia ni kwamba mama yake amezeeka mpaka amesahau udongo, na mtu aliyesahau udongo haachiwi mtoto. Aliongea naye kwa upole sana kuanzia hapo, upole ambao bibi hakuwahi kuuomba. Nguo zangu zilifungwa kwenye kanga. Bibi alinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kula njiani, akanifunga vizuri vifungo vya sweta, akaniambia huko niendako nisikae bure.

Huko Mwanhuzi shangazi alinilea vizuri, sina neno baya juu yake. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya saruji na kuta zilizopakwa chokaa, na kikohozi kiliisha kabla ya mvua. Hapakuwa na kitu cha kusiriba wala kufunga. Nilianza kung'oa misumari ya makochi na kuirudishia, akawa ananifokea, nikawa nakwenda uani kupanga na kupangua mawe. Nafikiri hapo ndipo mikono yangu ilipoanza kutafuta, na haijaacha mpaka leo.

Likizo ya kwanza niliporudi kijijini nilikuta ukuta wa dirisha umekandikwa upya kwa udongo mwekundu, umenyooka, ndani kuna kitanda cha miti na mto wa pamba fifi. Bibi hakusema kitu juu yake na mimi sikusema. Nililala humo wiki mbili, na kila likizo wiki mbili nyingine, na kila mara nilikuta umesiribwa karibuni, hata miaka ambayo alikuwa anatembelea fimbo. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Nilikuwa nimejiambia nitamweleza siku moja tukiwa tumekaa, na sisi hatukuwa watu wa kukaa.

Leo ukienda pale huoni kitu. Baba mdogo amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati la bluu, nyumba nzuri, imara. Kichuguu kimesawazishwa na trekta, pamba imepandwa juu yake na hakuna aliyewaamkia wenyewe. Watoto wa pale wanaishi kwenye kuta ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezishika zikiwa mbichi. Siwalaumu. Wana vifua vizima.

Mwaka huu nilikwenda, tukawa tunamenya karanga na mama mdogo barazani. Sijui nini kilinisukuma, nikamwambia habari ya jaruba, yote, jinsi nilivyousiriba ukuta ule na jinsi nilivyonyamaza. Hakuinua macho kwenye ungo. Alisema bibi alijua jioni ile ile aliyorudi. Aliona shimo nyuma ya nyumba na aliona kucha zangu. Zile siku alizokwenda peke yake kichuguuni alikuwa akienda safari nne, tano kwa siku, akivunja taratibu yake mwenyewe, apate udongo wa kutosha aubomoe ule ukuta na kuujenga upya kabla baba hajafika. Goti ndilo lililomkatisha Ijumaa.

Mama mdogo akasema alimuuliza bibi, mimi nikiwa nimeshaondoka, kwa nini alijitwika kosa la mtoto.

"Alinijibu hivi," akasema. "Wanangu wote wamekwenda kujenga kwao. Huyu peke yake ndiye aliyejenga ili akae na mimi. Nitasimamaje mbele ya baba yake niseme amekosea?"

Na mimi Jumamosi ile nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuwashika wote wawili, nikanyamaza, nikapanda baiskeli ya baba.