Kidole Kimoja Pembeni ya Kiungo

Papa Lambert sikumupenda tangu mwanzo, niseme ukweli. Alikuwa mutu wa maringo: fundi wa kuchomelea vyuma pale bandarini Kalemie, miwani nyeusi kwenye paji la uso hata siku ya misa. Lakini mukono wake, acha tu. Bwana yangu Germain, aliyechunga pampu ya mazutu, mafuta ya dizeli, alisema kiungo cha bomba alichochomelea Lambert hakijavuja hata tone.

Siri yake ilikuwa majivu. Akimaliza kuchomelea tiyo, bomba la mafuta, anaifunika na majivu ya moto, chuma kipoe polepole mpaka kesho yake. Wenzake wakamucheka, wakamuita mupishi wa mihogo ya majivuni.

Mwaka wa 1979, asubuhi, tiyo ya kutoka gati mpaka kwenye matangi ilipasuka. Moto ukamuchukua Germain. Wakubwa wakaangalia kiungo alichokifanya Lambert wiki mbili kabla ya siku ile: kizima. Basi wakaandika kwamba Germain alisukuma pampu kupita kiasi. Nikazika bwana pamoja na jina lake. Kanisani wamama walisogea mbali nami kwenye benchi kama mwenye ukoma.

Lambert naye aliacha ufundi, akawa anabeba magunia ya dagaa. Bibi yake Rosalie alisema jua likipiga mabati yakalia kama chuma kinachopasuka, anatoka nje mbio. Nilisema moyoni, shauri yake.

Mwaka wa nane kisha ule moto, Lambert alikuja kwangu na kipande cha tiyo ile ndani ya gunia. Alikuwa amekificha siku zote.

“Mama Adolphine, angalia.”

Akapitisha tupa yake ya kukwaruzia chuma mbali na kiungo: unga wa chuma ukaanguka. Juu ya kiungo: ukaanguka. Upana wa kidole kimoja pembeni, kule ufa ulipopita, tupa ikateleza bila kuacha alama.

“Meli ilikuwa inangoja, shefu wa kazi ananisukuma,” alisema. “Sikutia majivu. Nilimwaga ndoo ya maji ya ziwa. Pembeni ya kiungo chuma hakikuyeyuka, lakini moto umekipitia, umekigeuza ndani. Kikipoa polepole, kinatulia. Kikipigwa maji kinakuwa kigumu bure, kinavunjika sawa chupa. Germain hakukosa kitu. Ni mimi.”

Nilikiinua kile chuma, nilitaka kumupiga nacho. Hakukwepa. Nikakirudisha mezani.

“Utasema mbele ya watu,” nilimuambia.

“Njo maana nimekuja kuomba ruhusa yako.”

Jumapili alisimama kanisani, akasema yote, hata ile ndoo. Watu walinishika mukono, wengine walilia. Jina la bwana yangu likasafishwa, na nilifurahi, siwezi kukataa.

Baada ya misa nilikwenda makaburini peke yangu. Miaka nane nilikuwa ninafika pale kupalilia majani, na kila mara nilimutukana Germain kwa uzembe wake, nikimuuliza alikuwa anaota nini siku ile. Nilipiga magoti nimuombe musamaha. Lambert alinikuta hai, nikamujibu. Mimi nilikaa pale mpaka jua likazama, na hakuna aliyenijibu.