Siku Nilipolaliwa na Chuma Nikanyamaza

Ipo siku moja ambayo kifua changu bado kinaikumbuka, mwanangu. Usicheke nikikuita mwanangu. Mimi niko mwaka wa pili, wewe ndiyo kwanza umefika na godoro lako kichwani. Hapa chuoni hiyo ni tofauti ya babu na mjukuu.

Nilitoka Busiu kuja kusoma Jinja nikiwa mwembamba kama ufagio. Muhula mzima niliikwepa jim ya mtaa wa Nalufenya. Leo tumbo, kesho mtihani, keshokutwa mvua, na jua linawaka. Jioni nilijimwagia maji kwenye fulana, nikapita mbele ya bweni la wasichana nikihema. Walinipigia makofi.

Halafu wenzangu wakasema Jumamosi twende wote. Ikabidi niwatangulie Ijumaa, nikajifunze hata kushika chuma.

Ndani nikakuta askari wa kambi ya Kimaka, mikono yao kama mapaja yangu, na Hajati mmoja muuza vitenge, aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi kwa ajili ya presha. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, mawili mawili kwenye bomba. Kila mtu alihesabu kwa sauti kama yuko gwarideni, Hajati naye akipiga kelele huku anahema.

"Kijana, hapa tunahesabu," akasema Afande Opio, mwenye jim.

"Ndiyo, Afande." Moyoni nikasema: nijitangazie udhaifu wangu? Nikaenda kona ya mwisho, nikalala kwenye benchi, nikanyanyua kimya.

Mara ya kwanza kilipanda. Mara ya pili kikafika nusu, mikono ikaishiwa, chuma kikanilalia kifuani.

Mwanangu, ningeweza kuita. Pumzi ya neno moja nilikuwa nayo. Lakini nilitazama migongo ya wale askari, nikawaza watakavyocheka. Nikasukuma. Wapi! Nikajaribu kukiviringisha, kikanipandia kooni. Sasa nikataka kuita kweli, na sauti haipo. Nikapiga benchi kwa kisigino. Redio ilikuwa inaimba, bila shaka walidhani nafuata muziki.

"Afande! Huyo mtoto anageuka rangi!"

Alikuwa Hajati. Askari wawili wakakinyakua chuma kama mwavuli. Nilikohoa mpaka machozi, na hakuna aliyecheka.

"Kwa nini hukuita?" Hajati akaniuliza.

"Niliogopa mtanicheka."

"Tungekucheka, ndiyo! Mimi siku ya kwanza nilianguka chali, wananicheka mpaka leo. Nimekufa?"

Afande hakutabasamu. "Tunahesabu ili tusikie sauti ikikatika. Wewe ulinyamaza tangu mwanzo. Mama yako ningempigia simu nimwambie nini?"



Basi sikia, wewe unayejificha bwenini ukisubiri upate misuli kwanza ndipo uende mahali pa kutafutia misuli. Nenda hivyo hivyo ulivyo. Anza na kopo dogo, mwambie mwenye jim hujui kitu. Kicheko kinauma mpaka jioni. Ukishakula posho, ugali wetu wa hapa, na maharage umesahau. Na mzigo ukikushinda, hata ule wa masomo, hata ule wa moyoni, piga kelele ungali na pumzi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na kabla haijapata nguvu, akuzungushie watu wenye masikio.