Kufuli la Nje

Juzi, pale Riruta, nilimwona mtoto amekaa mbele ya mlango wenye kufuli, na ndani mtu anakohoa. Nikakumbuka utoto wangu Kibera, mabati yakialika kwa joto na mtaro ukinuka. Kila kiangazi mama aliacha kuuza nguo soko la Toi, akalala mchana kutwa.

"Nifungie kwa nje," aliniambia. "Wakiuliza, sema nimetoka."

Kwenye ploti yetu hivyo ndivyo watu walivyomhepa landilodi, kwa hivyo nilijua tunadaiwa kodi ya nyumba. Landilodi alipopita, nilimdanganya bila kupepesa.

"Na si mamako alishanilipa?" akashangaa.

Nikadhani amechanganyikiwa, nikafurahi.

Ukubwani ndipo nilipoelewa: kumbe mama alikuwa akilikwepa jua la kiangazi, lile linalomwondolea mtu hamu ya kuishi. Siku hizi likianza kuwaka, mimi humpa binti yangu kufuli anifungie kwa nje.