Maana Tatu za "Stock"

Kamusi ya mtumba niliyonunua Ngong inanuka mafuta taa, kama ile moja tu ya darasa letu nilipokuwa mtoto. Mwalimu alisema tuandike maana ya neno la Kiingereza "stock", na atakayepata abebe kamusi nyumbani wikendi. Niliitaka sana, nikaenda kuuliza nyumbani na dukani.

Baba alikuwa anakagua ng'ombe wakiingia boma, kwa rangi, bila kuwahesabu. "Kule mnadani stock ni hawa." Mzee Msomali wa duka akapigapiga magunia yake: "Stock ni hii, mtoto wangu." Mama, aliyewahi kupika hotelini, akanionyesha sufuria ya mifupa: "Sisi tuliita hii supu stock."

Nikaandika zote tatu, kwa mwandiko safi.

Mwalimu akachora eksi kubwa. "Nilitaka moja! Umeuliza kijiji kizima?"

Kamusi ikaenda na mwingine. Nilisugua ile eksi kwa raba hadi karatasi ikatoboka. Baba alipoona lile shimo akasema, "Kwani huyo mwalimu hajawahi kuona ng'ombe?"

Leo nimelitafuta hilo neno. Maana zake zimejaza ukurasa. Ya mzee iko, ya mama iko. Nimezisoma kwa sauti, ya baba mara mbili.