Macho ya Mama Zainabu

Siku ya kwanza kazini, Maganzo, Hajji alimwaga punje za almasi juu ya karatasi nyeupe, akanipa kibano, akasema, "Chambua." Hajji ndiye aliyekuwa mwajiri wetu, mnunuzi mwenye leseni. Kuchambua ni kutenga mawe kwa rangi, umbo na usafi. Unaanza kwa macho matupu, kisha unathibitisha kwa lenzi, kioo kidogo cha kukuzia. Mimi, binti wa wakulima wa Ushirombo, niliuona ufa mwembamba kama unywele kabla sijashika lenzi.

"Huyu ana macho ya mwewe," Hajji alisema.

Pembeni yangu alikaa Mama Zainabu, rika langu, mwenye miwani minene ya kuonea mbali. Wachimbaji walimwita Macho Manne. Akitaka kuchambua aliivua, akainamia mawe. Nilimwonea huruma.

Miaka ikapita. Nilipovuka arobaini nikaanza kulisogeza jiwe mbali na uso ili nilione vizuri. Nikalaumu taa, nikalaumu vumbi. Siku moja niliweka jiwe lenye ufa kwenye fungu la masafi, na Hajji akaligundua mbele ya mteja.

"Mama Kulwa," aliniambia mteja alipoondoka, "kwa sasa kaa mapokezi. Mawe yako atayachambua Mama Zainabu."

Wivu ulinishika. Nikiwa mapokezi nilimtazama akivua ile miwani yake na kuchambua kama msichana. Tulilingana umri! Nikamfuata. "Mwenzangu, unatumia dawa gani?"

"Dawa? Situmii chochote, Mama Kulwa. Ni Mungu tu."

Sikumwamini. Nilijua ananificha.

Nikaenda gulioni Tinde. Muuza miwani akaniambia, "Mayu, mama yangu, chukua inayokuza zaidi, ndiyo bora." Nikachukua kali kuliko zote. Kila kitu kikawa kikubwa, lakini mpaka nikisogeze karibu kugusa pua. Kufikia jioni kichwa kilikuwa kinapasuka.

Ndipo nikapanda gari kwenda hospitali, Kolandoto. Daktari wa macho hakukimbilia kunipa miwani. Alipima kila jicho peke yake, akapima presha ya macho, akachungulia ndani. Kisha akauliza, "Kazi yako ni ipi? Hebu kaa unavyokaa kazini." Nikajifanya nimeshika kibano na jiwe. Akachukua utepe, akapima kutoka jichoni hadi mkononi.

"Ndani ya jicho kuna lenzi laini," alisema. "Ukitazama karibu, inanenepa. Umri ukienda inakakamaa, hainenepi tena. Inampata kila mtu, na miwani haiharibu macho. Ila ilingane na umbali wa kazi yako. Ikizidi nguvu, inakusumbua."

"Kila mtu, daktari? Mbona mwenzangu anavua miwani na anaona?"

Akacheka. "Huyo haoni mbali tangu ujana. Jicho lake limeumbwa kuona karibu. Lenzi yake imekakamaa kama yako. Mwambie asome akiwa amevaa hiyo miwani yake ya mbali, utaona."

Kumbe naye amezeeka! Nilirudi nyumbani nimefurahi kama niliyeposwa.

Nilipopata miwani yangu, Hajji alinimwagia mawe kwa mara nyingine. Nilitenga yote, na yenye nyufa nikayaweka peke yake. "Rudi mezani," alisema. Nikarudi, ila meza yangu ya dirishani ilibaki kwa Mama Zainabu, maana alishaizoea. Hilo lilinichoma.

Baadaye Hajji alinihamishia duka lake la dhahabu, Geita. Huko mizani ilikaa mbali kidogo kuliko jiwe, na tarakimu zake zikawa ukungu. Meneja wa duka akaniuliza, "Mama, miwani si unayo?" Ilibidi nipimwe tena, nikapewa nyingine ya umbali ule. Ninyi mnaofikia arobaini, msiazime miwani ya jirani. Kapimweni, na mweleze mnachofanya kwa mikono yenu.

Sasa nimestaafu, ninaishi Shinyanga. Juzi Mama Zainabu alikuja kunitembelea. Tukakaa kibarazani, nikamwona mtu anakuja kutoka mbali. "Yule ni Mwalimu Masanja," nikasema.

Mama Zainabu akatikisa kichwa. "Hicho ndicho nilichokuonea wivu tangu siku uliyoajiriwa. Ulikuwa ukimtaja mtu akiwa bado mbali barabarani. Mimi, hata na miwani, sura za mbali sikuzitambua vizuri, nilingoja mtu asogee nisikie sauti. Watu wakasema ninaringa, siwasalimii."

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Sana, ndugu yangu. Miaka yote."

Nawaambia kweli, siku ile nilifurahi kuliko siku niliyopata miwani. Nikamkumbatia, nikaingia ndani kuleta mchele tuupike. Niliporudi na ungo nikaanza kupapasa kitenge nikitafuta miwani yangu. Yeye akavua ya kwake, akauvuta ungo, akaanza kutoa vijiwe kimoja kimoja bila shida yoyote.

Wivu ukanishika upya.