Taa ya Njano na Safari ya Mkwaja

Watu wakisikia mimi ni fundi umeme wa magari, na ni mwanamke, swali la kwanza huwa ni mume wangu anasemaje. Mume wangu hasemi kitu. Ana gari, na gari lina fundi wa bure ndani ya nyumba, aseme nini? Gereji yangu iko hapa hapa Usagara, uani kwetu, turubai moja na benchi la vifaa, na juu ya benchi mashine ya kusomea kodi ambayo hata yeye haruhusiwi kuigusa.

Kodi ninazosema si za serikali. Ni namba. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopima hewa iliyoingia kwenye injini, kisha inaamua nozeli zimwage petroli kiasi gani. Kitu kisipokwenda sawa, inawasha taa ya njano kwenye dashibodi na kuweka namba ya kosa. Unachomeka mashine chini ya usukani, namba inatokea. Na hapo ndipo watu wanaponipandisha hasira. Mtu kasomewa namba huko alikosomewa, kakimbilia dukani kanunua sensa mpya, kile kifaa cha kupimia, anakuja kwangu anataka nimfungie tu. Namwambia, baba, kodi haikwambii mwizi ni nani, inakwambia nani kapiga yowe. Wengine wanaelewa. Wengine wanaona najidai, na hao nawaambia shauri yao.

Basi kiangazi kilichopita taa ya njano ikawaka kwenye gari letu wenyewe.

Tunaishi na mama mkwe. Sitaki kusema uongo, mimi naye tumegombana miaka mpaka tukachoka, tukaanza kupendana. Mimi Mbondei wa Muheza, yeye mtu wa pwani, kwao Mkwaja, na wali wangu wa nazi ukizidi maji kidogo tu atasema, "Hawa watu wa Bonde bwana, wanajua mihogo." Namjibu kwamba mihogo hiyo ndiyo inayomnenepesha mwanawe. Hapo anacheka na kuomba kijiko.

Huko Mkwaja anaye dada yake mkubwa, ndiye ndugu pekee aliyebakia. Siku moja binti wa huyo dada akapiga simu kusema mama yake ameanza kusahau watu. Alianza kwa wajukuu, sasa amefika kwa watoto aliowazaa mwenyewe. Yeye binti, anayempikia na kumwogesha, kila asubuhi anaulizwa ni mtoto wa nani. "Kama mnakuja, njooni," alisema. "Kila wiki anakwenda kidogo." Mama mkwe alikaa na ile simu mkononi, kisha akasema tumpeleke kwa dada yake akamwone angali anamjua.

Safari ya kwanza tuliishia Tongoni. Ukikanyaga mafuta gari linasita, linashtuka, halafu linazima. Unaliwasha, linakwenda kidogo, linazima tena. Tukageuza, tukarudi mdogo mdogo. Safari ya pili tulifika Kigombe. Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma na baibui jipya, kapu la zawadi mapajani. Hapo napo tukageuza.

"Safari kukatika mara mbili si bure," akasema. "Gari hili lina jicho la mtu."

"Lina kodi, mama," nikamjibu. Mume wangu akakohoa, maana yake ninyamaze.

Basi la abiria hawezi, nyonga zake hazistahimili. Mume wangu akataka kuazima gari la mwenzake kazini, mama mkwe akakataa katakata. Atakwenda na gari la mwanawe, alisema, au haendi. Nikamwona mkaidi, na nikalichukulia lile gari kama ugomvi wangu binafsi.

Kodi iliyotoka ilisema mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi, petroli kidogo. Namba hii ina ukoo mkubwa. Pengine kuna mpira umepasuka unavuta hewa ya wizi, pengine pampu ya mafuta imechoka, pengine nozeli zimeziba, pengine sensa ya hewa inadanganya. Nikatafuta mpira uliopasuka, sikuuona. Nikapima presha ya pampu, nzima. Nikazitoa nozeli, nikaziosha, nikazirudisha. Nikaipulizia dawa sensa ya hewa, ambayo ni kiwaya tu, chembamba kuliko unywele, na gari likaunguruma kama jipya. Nikaifuta kodi, nikajisifu. Baada ya siku kadhaa taa ikarudi. Nikaweka kichujio kipya cha hewa, nikasafisha tena, likapona, likaugua tena.

Mafundi wenzangu wakipita wakaliona boneti liko wazi wanaita, "Mganga hajigangi!" Nilikuwa nawarudishia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Gari la mteja likinisumbua nalala usingizi. Hili lilinikosesha raha, kwa sababu simu za Mkwaja hazikukoma. Siku moja binti alisema mama yake amemwita kwa jina la bibi yao aliyekufa zamani, akamwomba ruhusa ya kwenda pwani kuokota kombe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi nilipoitoa ile sensa kwa mara nyingine, na badala ya kuipulizia dawa nikaisogeza puani. Sijui kwa nini, labda kwa uchovu. Ilinukia ubani.

Nikanusa tena. Si petroli, si vumbi, ni ubani mtupu. Nikafungua bomba la hewa, nikapitisha kidole ndani, kikatoka na utando wa kunata wenye rangi ya chai. Nikamwita mume wangu anuse naye. Akanusa, na badala ya kushangaa akatazama chini.

"Mama," akasema.

Kila Alhamisi alasiri mama mkwe anafukiza. Hilo nalijua, nyumba ngapi mtaani hazifukizi? Anafukiza vyumba, anafukiza nguo, na tangu safari ya Tongoni alikuwa anafukiza na gari ili jicho litoke. Nami wakati huo niko kwa wateja. Nilidhani anazungusha chetezo kwenye viti, basi. Kumbe mwanawe anamfungulia boneti, anamwashia injini, na yeye anashika chetezo mbele ya mdomo wa bomba la hewa, gari livute lenyewe mpaka moyoni.

"Na nani alimwonyesha mdomo wa bomba?" nikapiga kelele.

"Wewe."

Kha! Na ni kweli. Tuliporudi kutoka Tongoni alikuja uani akaniuliza, kwa upole kabisa, gari linavutia wapi pumzi. Nikafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi, nikainama nikamwonyesha kwa kidole. Ubani una utomvu. Moshi wake ukikigusa kile kiwaya, ambacho umeme hukipasha moto, unaganda juu yake, na kiwaya kilichovaa koti hakisikii upepo. Kinaiambia kompyuta hewa ni kidogo, kompyuta inabana petroli, gari linashinda njaa linazima. Ile mara ya kwanza ya Tongoni huenda lilikuwa vumbi tu la kawaida; yaliyofuata yote ni ubani. Nalo kila likizima, mama mkwe anaongeza ubani.

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikashika ubavu, na mume wangu alipojaribu kucheka nikamwambia yeye anyamaze, mshirikina mkubwa.

"Tusimwambie," akasema. "We lisafishe tu kila Ijumaa."

Ingewezekana, nakiri. Lakini mimi siwezi kuficha ugonjwa wa gari nikala chakula kikashuka. Nikaiweka sensa juu ya leso safi, nikaenda chumbani kwa mama mkwe, nikaketi chini karibu na miguu yake.

"Mama, nusa hii."

Akanusa. "Ubani wangu huu."

"Ndiyo. Umetoka ndani ya injini. Gari hili halina jicho la mtu, mama. Lina pumu. Moshi unalibana."

Akaigeuza sensa juu ya leso. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nikaongeza haraka haraka kwamba nyumba afukize, nguo afukize, hata mimi anifukize akitaka, ila pale mbele ya bomba hapana.

"Kwa hiyo ukilisafisha litafika Mkwaja?" akauliza.

"Litafika. Hata kesho."

Nilitegemea alhamdulillahi. Badala yake alianza kukunja ncha ya leso, akaikunjua, akaikunja.

"Kesho," akasema. "Mwanangu, nikwambie kitu, usimwambie mume wako. Ubani nilikuwa nafukiza kwa nia, wallahi. Lakini kila gari likizima, moyoni nilikuwa nashukuru."

Sikuelewa. Mimi nimelala chini ya gari lile mgongo ukapinda, na yeye anashukuru?

"Amewasahau watoto wake wa tumboni," akasema. "Mimi ni nani? Nitasafiri njia yote ile nikafike mbele yake aniulize, wewe mama umetoka wapi? Maadamu sijafika, bado ananijua."

Basi hasira yote ikaniisha. Nikamwona mtu mzima yule, ambaye mtaa mzima unampa shikamoo, ameogopa kweli kweli. Nikamshika mguu nikamwambia, "Tutakwenda wote, mama. Akikuuliza umetoka wapi, tutamwambia Tanga."

Akacheka kidogo, machozi yakamtoka. "Watu wa Bonde," akasema. "Haya, lisafishe."

Tuliondoka kesho yake baada ya alfajiri. Tongoni tukaipita, Kigombe tukaipita, na ukinipa kiapo nitakwambia kwamba sikuitazama barabara hata mara moja, macho yalikuwa kwenye dashibodi. Taa haikuwaka. Pangani tukapanda pantoni, mume wangu akanunua mihogo ya kuchoma, tukala ndani ya gari, na mama mkwe hakusema chochote kuhusu mihogo. Ng'ambo tukashika njia ya vumbi, minazi kwa minazi, gari likivuta vizuri hata kwenye mchanga. Kwa upande wangu nilikuwa na furaha tele. Kwake yeye kila tukikaribia ndivyo alivyozidi kukaa wima.

Dada yake alikuwa barazani juu ya mkeka, mwembamba, msafi, kanga imefungwa vizuri. Binti yake akasimama kutupokea. Mama mkwe akapanda kizingiti, akainama mbele ya dada yake.

"Shikamoo, dada."

Yule bibi akamtazama. Akamtazama usoni, akamtazama baibui, akamtazama viatu. Mume wangu alinishika mkono na kuubana. Nilitaka kusema mimi, nitaje jina, nimsaidie, nikaumeza ulimi wangu, na wanaonijua wanajua haikuwa kazi ndogo.

"We mtoto!" bibi akafoka. "Nimekutuma nazi tangu asubuhi, ndiyo unarudi saa hizi?"

Mama mkwe akageuka kunitazama, kisha akamrudia dada yake kwa macho.

"Nakuuliza. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nacheza, dada," akasema mama mkwe. "Nisamehe."

"Kucheza, kucheza. Mama akirudi atampiga nani? Si mimi? Haya, keti ukune."

Yule binti akaingia ndani, akatoka na mbuzi ya kukunia, sinia na nazi iliyokwisha kuvunjwa, akaviweka juu ya mkeka. Na mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe sijapata kumwona akitumwa na mtu, akaketi juu ya ile mbuzi na nyonga zake mbovu na baibui lake jipya, akaanza kukuna. Machozi yalikuwa yanamdondoka na alikuwa anatabasamu. Dada yake akamsogelea, akachungulia ndani ya sinia.

"Usifike kwenye gamba, nimekwambia mara ngapi? Tui litakuwa jeusi."

"Bee, dada," akaitika.